Mbuzi Aliyerudishwa Mkavu

Moshi wa kiko cha nahodha Sabiti ulipanda wima, haukuyumba hata kidogo, na bado tanga lilikuwa limejaa. Herman aliona hivyo, akajisemea ni bahati. Bahati! Mlango wa Maisome, mkondo wa ziwa kati ya kisiwa na bara, humeza mashua hata kwenye jua kali, lakini asubuhi ile ya mwaka 1951 maji yalitulia kama uji uliopoa.

Alikuwa anamrudisha mkewe Esta, aliyekwenda kumzaa Donatus kwa mama yake kisiwani, hadi Geita alikochimba dhahabu. Kabla ya kuondoka, kila msafiri hutupa majini kitu chake, kumridhisha mwenye maji. Wengine hutupa tumbaku. Herman, kwa woga na kupenda kuonekana, akasema kwa sauti, "Ukituvusha salama, katikati nitakupa chenye pumzi, kilicho changu!" Alikuwa anamtazama mbuzi aliyefungwa ndani ya mashua.

Katikati ya mlango mashua ikasimama ghafla, tanga bado limejaa. Harufu ya tope na baruti ikapanda kutoka majini, ile ile ya chini kabisa ya shimo la dhahabu. Chini ya mbao kitu kikaanza kukwaruza.

"Anadai," Sabiti alinong'ona. "Mpe, bwana, upesi!"

Herman akamtupa mbuzi. Maji hayakuruka. Mara mbuzi akainuliwa, akawekwa tena ndani ya mashua, taratibu, manyoya yake makavu.

"Kwani mbuzi huyu wa nani?" Sabiti aliuliza.

"Wangu," Esta alisema. "Mama alinipa nilipojifungua. Baba Donatus hana mnyama humu."

"Mbuzi wa mke ni wa mume!" Herman alifoka.

Hapo Donatus mchanga akaacha kunyonya, midomo yake ikabadilika rangi, na ule mkwaruzo ukahamia chini ya miguu ya Esta, ukapanda ubavuni mwa mashua pale pale alipoketi, kisha alama za vidole vilivyolowa zikaanza kujitokeza juu ya kanga iliyomfunika mtoto, kimoja, cha pili, cha tatu, zikielekea shingoni.

Esta akamkumbatia mwanawe, akayainamia maji.

"Sikia, wewe! Mtoto huyu si wa mwanamume huyu. Hana chake humu!"

Mkwaruzo ukakoma. Donatus akalia kwa nguvu. Upepo wa kweli ukavuma, moshi wa kiko ukatawanyika, mashua ikaenda.

Walipokaribia ufukwe, Herman akamsogelea mkewe.

"Mama Donatus," alinong'ona, "ulikuwa unakidanganya tu, sivyo?"

Esta hakumtazama.

"Kama nilidanganya, kitajua, na kitamfuata. Haya niambie, Baba Donatus, unaomba mtoto awe wa nani?"

Herman akamtazama mtoto. Akaiona pua yake mwenyewe, na masikio yake mwenyewe. Akavuta kanga haraka, akamfunika uso asionekane na maji.