Meno ya Peggy

Mtu anayeogopa mbwa hawezi kumpenda mwenye mbwa, mtasema. Subirini niwape ya Tamsin.

Jumamosi moja soko la Borough limefurika, yeye yuko kwenye foleni ya mikate ya soseji, mara akahisi pua yenye unyevu ikimgusa nyuma ya goti. Akaruka, na chai yote ikaishia kwenye koti la sufu la kijana aliyekuwa nyuma yake. Kijana mrefu, kanyoa vizuri, mkononi kashika kamba ya jibwa jike la kahawia lenye kichwa kama ndoo.

"Peggy kakutisha, chai umenimwagia mimi," kijana akasema. "Sasa nani amwombe mwenzake radhi?"

Tamsin akacheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Kijana aliitwa Curtis, fundi wa lifti. Simu zikaanza, asubuhi na jioni, mrembo umekula, mrembo umefika, na muda si muda mswaki wa Tamsin ukawa bafuni kwa Curtis.

Kazi ya Tamsin ni kusoma mifupa ya kale inayofukuliwa. Huku kwetu kusini ya mto unaokata jiji, ukichimba msingi wa jengo usishangae kukuta mifupa ya mbwa au dubu, maana zamani watu walilipa kiingilio wamwone dubu wa mnyororoni akishambuliwa na mbwa, nao wanatafuna njugu na kushangilia. Mafuvu ya mbwa hao hupita mikononi mwa Tamsin kila siku. Kovu la kirungu na tundu la jino anavitambua kwa vidole, hata amefumba macho.

Jumapili moja Curtis alitoka kununua maziwa. Peggy akaja, akalaza kichwa mapajani mwa Tamsin, naye kwa mara ya kwanza maishani akampapasa mbwa. Vidole vikapita juu ya pua, vikashuka miguu ya mbele, vikasimama. Matundu ya meno. Yaliyopona, yakatobolewa tena. Sasa Tamsin hakumwogopa tena Peggy. Alimwogopa mtu aliyekuwa akipanda ngazi huku anapiga mbinja.

Akajikaza, akauliza mbwa aliumizwa na nini. Curtis akajibu haraka, bila kumtazama, kwamba ni waya wa uzio. Lakini waya huchana, hautoboi. Tamsin akasingizia kichwa kinamuuma, akateremka ngazi viatu havijafungwa kamba, akiwa na hakika kwamba amekuwa akilala na mpiganisha mbwa.

Simu akaziacha ziite. Curtis akatuma ujumbe wa kubembeleza, akatuma wa hasira, kisha akanyamaza, na kimya hicho kikamtisha Tamsin kuliko yote. Akisikia viatu nyuma yake njiani, anavuka barabara. Alitaka kuwapigia polisi, kidole kikagoma, maana moyo wake ulikuwa bado unampenda yule mtu. Mapenzi hayana macho, na siku hizo Tamsin alitamani na yeye asiwe nayo.

Mpaka siku alipowekewa mezani kazini taya la dubu. Chonge zake zilikuwa zimesagwa butu, ili ang'atwe bila kuwaua mbwa wa watu. Tamsin akakaa akilitazama. Mbwa wa kupigana huachiwa meno yake. Ya Peggy hakuwahi kuyaangalia. Akampigia Curtis: mlete Peggy bustanini, mchana, penye watu.

Curtis alikuja amekonda. Tamsin hakumsalimu, alimwambia tu amshike mbwa kichwa. Akaupanua mdomo wa Peggy, akaingiza vidole. Chonge zote zimesagwa karibu na fizi.

"Hakuwa wa kupigana huyu," akasema. "Alikuwa wa kung'atwa, wenzake wapate mazoezi."

Curtis akalia pale pale mbele za watu. Akasema mbwa alikuwa wa kaka yake, Dean. Alimwiba gerejini Dean akiwa baa, na tangu hapo Dean anamtafuta, na anayedhaniwa anajua kitu hupigwa mpaka aseme. Ndiyo maana ya uongo wa uzio. Alisema ni heri achukiwe na Tamsin aliye mzima kuliko apendwe na aliyepigwa.

Hajamaliza, simu ikaita mfukoni mwake. Dean. Curtis akapauka. Tamsin, sijui alipata wapi ujasiri, akamnyang'anya.

"Mbwa ninaye mimi," akasema. "Meno yake nimeyapiga picha yote. Kusoma meno ndiyo kazi yangu, na polisi watanisikiliza."

Picha hakuwa nayo hata moja. Upande wa pili mtu alipumua kwanza. Kisha akauliza taratibu, "Na wewe ni nani?"

Tamsin akakata. Akakaa chini kwenye majani mabichi na sketi yake nyeupe.

"Sasa anaijua sauti yako," Curtis akasema.

"Najua. Tupite polisi kwanza, halafu mhamie kwangu, nyote wawili. Mimi peke yangu silali tena."