Sentensi Iliyorukwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia uani, akampelekea bibi yake chai, kisha akasimama mlangoni kumsikiliza akihema. Bibi alikuwa na pumu, na mjini kulikuwa na ugonjwa mpya wa mapafu.

"Usinichungulie kama mkate tanuruni," Bibi alimtania. "Sijaungua bado."

Waliompa jina la Chiriku hawakukosea: msichana yule hakuchoka kusema, na sauti yake ilivuka mtaa. Ndiyo maana mama yake, afisa afya, alipokaukwa na sauti kwa kutangaza chanjo kutwa, alimkabidhi kipaza sauti na tangazo la ofisi.

"Soma kama lilivyo, mwanangu," alinong'ona. "Usiongeze, usipunguze." Kisha akaingia nyumba ya jirani kujibu maswali.

Chiriku alisoma vizuri mpaka alipofika hapa: "Baada ya chanjo mkono unaweza kuuma, na baadhi ya watu hupata homa ya siku moja au mbili." Akamwona Bibi barazani, ametega sikio. Bibi aliogopa homa kuliko nyoka. Chiriku akairuka sentensi ile, akapaza sauti: "Haina shida yoyote!"

"Basi kesho nitakwenda," Bibi akasema.

Fundi cherehani, jirani yao, hakungoja kesho. Alichanjwa jioni ile ile, na asubuhi akaamka anatetemeka ndani ya blanketi.

"Haina shida yoyote, eti!" aliwaambia wapita njia. "Leo nashona bila kukanyaga cherehani, mikono inacheza yenyewe!"

Watu walicheka, kisha wakageuza njia. Zahanati ikabaki na viti vitupu. Bibi naye hakuinuka kitini.

"Serikali imetuficha hili," alisema. "Mangapi mengine imeficha?"

Chiriku alimkimbilia mama yake. "Mama, ofisi haikuficha. Ni mimi. Niliruka habari ya homa ili Bibi asiogope."

Mama alimvuta karibu. "Ulifanya kwa mapenzi, najua. Lakini Bibi hana kinga, na sasa hataki hata kutusikia. Twende."

Sauti yake ilikuwa bado inakwaruza, lakini safari hii alishika kipaza sauti mwenyewe. "Ndugu zangu, tangazo la jana halikuwa kamili. Kosa ni letu, watu wa ofisi."

"Lakini Mama, kosa ni langu!"

"Aliyekupa kipaza sauti ni mimi," Mama alimjibu taratibu. Kisha akaisoma ile sentensi, akairudia.

"Nikishachanjwa siugui tena?" fundi aliuliza kutoka dirishani.

"Unaweza kuugua. Ila hatari ya kuzidiwa inapungua sana."

"Hilo ungeweza kulinyamazia!"

"Ningeweza. Halafu mngeligundua wenyewe, kama mlivyoigundua homa."

"Na kinga inadumu muda gani?"

"Hatujajua bado. Tukijua, tutawaambia."

Fundi akatikisa kichwa, akatabasamu. "Haya. Leo angalau nimejibiwa."

Bibi aliinua mkono kama mwanafunzi. "Na sisi wenye pumu?"

"Ninyi ndio mnaoihitaji zaidi, Mama. Ukishachanjwa utakaa zahanati kidogo, wauguzi wakuangalie. Ukipata homa usiku, mimi nitakuwa kando yako."

Bibi alijiinua kitini. "Homa naiogopa," alisema. "Lakini nishike mkono, twende."

Nyuma yao wakatoka majirani, mmoja mmoja.

Njiani Mama alipunguza mwendo ili Chiriku amfikie. "Habari ya kutisha watu huivumilia, mwanangu. Wasichovumilia ni kugundua kuwa tulijua, tukanyamaza. Siku hiyo hata ukweli tutakaowaambia hawataupokea."

Kesho yake homa ilimpata Bibi kweli. Chiriku alikaa ukingoni mwa kitanda, machozi yanamlengalenga.

"Unalia nini?" Bibi akauliza, akivuta shuka. "Si walishaniambia itakuja? Nisingeambiwa, sasa hivi ningekuwa nawapa wosia. Hebu lala hapa unipashe joto."