Kiti cha Dirishani kwenye Basi la Kushuka

Mniwie radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Wapo wasimuliaji ambao ukiwasikiliza nywele zinakusimama. Mimi hata za kusimama sina, na siku hizi kichwa changu kinapigwa na baridi hadi maneno yanatoka yakitetemeka. Basi kaeni vizuri, na nikikosea chekeni chinichini.

Mtaani kwetu yupo kinyozi, mtu wa maneno mengi kuliko nywele anazofagia. Tunamwita Wembe, na si kwa kazi yake, ni kwa ulimi wake. Jioni moja alifunga duka mapema. Akazima redio, akakung'uta taulo, akaona kofia ya sufu inaning'inia msumarini. Mteja kaisahau tena.

“Huyu naye, siku moja atasahau kichwa,” akanung'unika, akaitia kofia kwenye mfuko wa koti ili ampelekee akipita.

Lakini kwanza, kituo cha mabasi. Safari yenyewe ilikuwa ya mama yake. Ukungu ulikuwa umemwingia machoni bibi wa watu, na daktari alishasema: mvua zikianza, atakuwa anaona mwanga tu. Naye alitaka kitu kimoja. Apande hadi ngome kongwe kule kileleni, alikokuwa bawabu marehemu mumewe, alione bonde lile mara ya mwisho kwa macho yake mwenyewe. Kesho ndiyo ilikuwa siku. Kupanda kulikuwa kumepangwa: basi la alfajiri hadi njia panda, halafu gari dogo hadi langoni. Kushuka ndiko kulikowatoa jasho. Hakuna aliyejua kama jioni kuna gari.

“Mama hawezi kulala kwenye mawe,” alisema dada yake Wembe alipopitia nyumbani, naye ni nesi na hana mchezo. “Usiponiletea habari ya gari la kushuka, hakuna kupanda. Na usiniletee vichekesho.”

“Dada, likikosekana nitambeba mgongoni.”

“Wewe? Mgongo wenyewe unalalamika ukishika mkasi!”

Mama akacheka mpaka akakohoa. Akavua mtandio wake, akamfunga Wembe shingoni.

“Nenda, mwanangu, nje kuna baridi. Na uniwekee kiti cha dirishani.”

Jua lilikuwa limezama alipofika. Kituo kitupu. Mama muuza chai alikuwa anamwagia maji makaa yake.

“Ya mlimani? Yameshaondoka. Njoo uulize asubuhi.”

Wembe akageuka kurudi. Ndipo akaliona.

Basi moja, nyuma ya gereji, halina taa. Matope mekundu yalilifunika hadi madirishani, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi. Lilitoa harufu ya udongo ulioloa, na ya... mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Mlangoni alisimama kondakta. Koti lake lilifika vifundoni na kola ilimficha uso.

“Mkuu, hili ni la mlimani?”

“La kushuka.” Sauti ya chini, kama ya mtu aliye kando ya mgonjwa.

“Linapanda saa ngapi?”

“Halipandi.”

“Basi litakuwa limezaliwa hukohuko juu!”

Kondakta hakucheka. Mwingine angeondoka. Lakini kwa Wembe, mtu asiyecheka ni sawa na mtu mwenye ndevu za mwezi mzima: lazima ashughulikiwe. Akasogea karibu.

“Namtafutia mama yangu kiti. Kesho jioni, dirishani. Ukimwona tu utacheka, huyo ndiye aliyenifundisha.”

“Weka alama.”

Hiyo mnaijua. Ukitaka kiti kwenye basi unatupia kitambaa, gazeti, chochote chako, na hata mbabe wa kituo hakigusi. Wembe akapanda.

Ndani baridi ilikuwa ya kisimani. Karibu kila kiti kilikuwa na alama. Miwani. Fimbo. Kandambili moja ya mtoto, ina vumbi la miaka. Kiti cha mbele kilikuwa na kofia nyeusi, ukingo wake unang'aa mafuta. Akaitambua papo hapo, maana kinyozi husahau nyuso lakini hasahau kichwa. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu, aliyemnyoa asubuhi ileile.

“Kumbe na mwalimu anakwenda!” akafurahi.

Nyuma ya mwalimu, dirishani, palikuwa na nafasi. Akautandaza mtandio wa mama.

Kiti kilikuwa na uvuguvugu.

Nyumbani aliingia kwa mbwembwe. “Dada, gari lipo! Mama kapata dirishani, na mwalimu yuko mbele yake, watapiga soga njia nzima.”

Dada akaweka kikombe chini. “Mwalimu yupi?”

“Mstaafu. Nimeona kofia yake kwenye kiti.”

“Wembe...” Dada hakuwahi kumwita jina la mtaani. “Mwalimu ameanguka mlangoni kwake mchana. Mimi ndiye niliyemfumba macho.”



Mama akaita kutoka kwenye kochi, sauti imefifia. “Wanangu, mbona mmezima taa?”

Taa ilikuwa inawaka.

Wembe alikimbia kama mwizi. Basi lilikuwa bado lipo, na sasa linatetemeka kwa injini isiyo na mlio. Akajitupa ndani... akaganda.

Viti vilikuwa vimejaa visogo.

Hakuna aliyegeuka. Visogo vimepangwa safu kwa safu, na vingine alivijua, maana alivinyoa kwa mkono wake. Dirishani pale, mtandio ulikuwa unajiinua wenyewe taratibu, umejikunja duara, kana kwamba ndani yake kinaota kichwa.

“Nimeghairi!” akalia. “Mama hasafiri!”

Pumzi baridi ikamgusa sikio.

“Kiti hakirudishwi,” kondakta akanong'ona. “Hubadilishwa.”

Mkono wa Wembe ukaingia mfukoni. Ukatoka na kitu. Akakitupa kwenye kiti, akaunyakua mtandio, akaruka nje.

Muuza chai anaapa mpaka leo kwamba nyuma ya gereji hapakuwa na basi. Yeye alimwona kinyozi akichomoka gizani peke yake, amekumbatia kitambaa. Lakini viatu vya Wembe vilikuwa na matope mekundu, na nyumbani mama alikuwa anamwuliza dada mbona taa ni kali hivyo.

Kesho yake walipanda. Mama aliliona bonde, akaliona lango, akapapasa jiwe alilokuwa akiegemea mumewe, akacheka huku machozi yanamtoka. Walishuka kwa gari la mbuzi. Mbuzi mmoja alitafuna pindo la mtandio njia nzima, na dada, aliyebanwa kati ya mabeberu wawili, hakusema neno hadi nyumbani. Mvua zilipoanza, ukungu ulifunga macho ya mama kama daktari alivyosema. Lakini yupo, mzima, na anaimba kutwa.

Haya yote alinisimulia Wembe mwenyewe wiki iliyopita, akininyoa ndevu. Hakutia kichekesho hata kimoja. Kwenye kioo hakunitazama.

“Nisamehe, kaka,” akanong'ona. “Nilitoa kilichokuwa mfukoni.”

“Ulitoa nini?”

Akanionyesha ukutani kwa wembe. Msumari mtupu.

Tangu siku hiyo, jua likizama tu, nasikia harufu ya mshumaa uliozimwa. Najifariji kwa lile vumbi la kandambili: huenda wengine husubiri sana. Wembe simlaumu, mama ni mama. Basi nimlaumu nani, wakati mke wangu amenipigia kelele miaka nenda miaka rudi, “Wewe mwanamume, kofia mahali pake ni kichwani!”