Jicho la Pili

"Sombe, hapa Lenga-lenga. Bibi anakata kushoto, kwa wauza mawese. Niko nyuma yake."

"Lenga-lenga, usimupoteze. Terminé."

Vahwere, ambaye hewani aliitwa Lenga-lenga, aliirudisha redio yake ya Motorola chini ya kitenge, akaendelea kutembea kama mtu anayetafuta nyanya. Soko la Bunia lilikuwa limejaa. Askari wa Umoja wa Mataifa na helmeti zao za buluu, vijana waliovua sare za vita juzi tu, na watu wa Djugu waliokimbia na magodoro kichwani. Mwaka ulikuwa 2004. Kila mtu alimtazama mwenzake mikono kwanza, uso baadaye.

Na katikati ya watu wote hao, mpelelezi aliyetumwa kutoka Kinshasa, mwenye bastola ya Makarov mgongoni, alikuwa anamfuata nani?

Bibi kizee mwenye fimbo.

Cheka ukipenda. Bibi yule alikuwa na mambo mawili yaliyomnyima Vahwere usingizi. La kwanza, hakumtazama mtu usoni hata siku moja. Ukimsalimu alikugeuzia shavu, akakuchungulia kwa pembe ya jicho kama mtu mwenye siri. La pili ni vidole. Kila alipokutana na mzee mwenziwe wa kambi ya wakimbizi, aliinua vidole vitatu akavielekeza: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Mwenziwe alijibu vilevile. Kisha wakaachana bila neno.

Alama za siri.

Vahwere alizijua alama. Kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka Iga Barrière mpaka mjini, alama kama hizo ndizo zilizoamua nani apite na nani abaki mtaroni. Tena hawa walikuwa wazee wa ile kliniki ya Bigo, Mradi wa Macho ya Wazee, ambako yeye mwenyewe alijipenyeza tangu mvua zianze kama muuguzi wa kupanga sindano, asiyeruhusiwa kuingia chumba cha kupimia macho. Kinshasa ilijua kwamba dawa zilikuwa zinaingia pale kwa ndege, bila kibali cha mtu yeyote. Haikujua dawa zile zinafanya nini, wala nani anazibeba.

Vahwere alidhani sasa amewapata wabebaji.

Alimbana bibi nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, mahali ambapo kelele ya mota ilimeza maneno. Alimkalisha juu ya gunia, mkono mmoja begani, mwingine karibu na bastola.

"Mama muzee, ile alama ya vidole njo ya nani?"

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Kumbe! Jina lake lilikuwa Mama Angèle, na wala hakuwa mbebaji wa kitu ila umri wake. Alieleza kwamba kule kliniki kuna ubao wenye maumbo meusi, kila umbo lina meno matatu kama uma, na kila uma unaelekea upande wake. Unafunikwa jicho, unaambiwa uonyeshe kwa vidole meno yanaelekea wapi. Anayepatia anapewa unga na mafuta. Anayekosea anapewa aksanti. Sasa yeye uzee ulikuwa umekula katikati ya macho yake. Akimtazama mtu anaona kofia, anaona miguu, uso haupo. Ndiyo maana anageuza shavu, maana pembeni bado kunaona. Basi kati yao kulikuwa na katekista mmoja wa zamani ambaye jicho lake lilibaki na nguvu kidogo. Aliushika ubao wote kichwani, akawafundisha wenziwe hemani kama katekisimu. Siku hizi kambi nzima inasoma bila kuona. Vidole vile sokoni vilikuwa marudio ya somo.

Vahwere aliona aibu, akaona na uchungu.

"Na ile jicho walichoma sindano?" aliuliza.

"Ile ya kuume? Mbele ya sindano ilikuwa moshi, mutoto yangu. Sasa ni giza. Imefunga."

Hapo ndipo mwili ulimsisimka Vahwere. Asubuhi ile, akipanga mabomba ya sindano, alikuwa amemsikia daktari wao mzungu akisema kwamba wanaosoma vizuri kuliko wengine watachomwa jicho la pili mchana, kwa dozi kubwa zaidi, kabla ndege haijaondoka. Wazee walidanganya wapate unga. Na uongo huohuo ndio uliowapeleka kwenye sindano ya jicho lililobaki.

Alimwambia Mama Angèle asiende. Alimwomba. Bibi akaacha kucheka, akamgeuzia shavu, akamchungulia.

"Weye ni Munande wa Butembo, hapana mutu wa hapa. Nani alikutuma? Unataka mama yako akamate nafasi yangu?"

"Hapana, mama. Ile dawa inaua macho."

"Batoto ya binti yangu iko nakula sababu ya ile sindano. Binti mwenyewe alibakia kule mu nyumba yenye kuungua. Uniache."

Akashika fimbo yake, akaenda. Vahwere hakumlaumu. Katika Bunia ile, mtu aliyekukataza chakula alikuwa na njaa yake mwenyewe, au alikuwa mwizi.

Alipanda kilima cha nyuma ya kanisa, akafungua Thuraya, simu yake ya setilaiti, akaelekeza antena angani.

"Chef, dawa inapofusha watu. Mchana huu wanachoma jicho la pili."

"Kazi yako ni lile sanduku la baridi wanamobebea dawa," sauti ya mkubwa wake wa Kinshasa ilijibu. "Likifika mlangoni mwa ndege, mkono wao ukiwa juu yake, tunakamata. Ukivuruga kabla, yule mzungu atasema ni daktari wa huruma tu."

"Na wazee?"

"Jicho la bibi mmoja haliangushi serikali. Fuata sanduku. Terminé."

Alitamani kuitupa Thuraya ile mtoni Nyamukau.

Angemwambia nani? Rodrigue, yule Sombe wa redioni, alifanya kazi uwanja wa ndege na ndiye mwenzake pekee mjini. Lakini Rodrigue siku hizi alivaa buti mpya za Timberland. Vahwere alipomuuliza, alisema alizishinda kwenye karata. Haya, niambie wewe, nani anashinda buti za karata zikamkaa sawasawa mguuni? Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku ile Vahwere alimpa nusu ya habari, na nusu akabaki nayo.

Mchana, Bigo.

Wazee walikuwa wameketi barazani, wamevaa nguo zao za kanisani. Langoni alisimama Nathanaël, mlinzi aliyewahi kuwa mpiganaji, Kalashnikov imefichwa chini ya koti la mvua ingawa jua lilikuwa linachoma. Ndani, Dokta Verlinck alikuwa anafunga kamera ya Sony kwenye miguu yake mitatu. Alikuwa mzungu mrefu, mpole wa sauti, aliyejua Kiswahili cha vitabuni na kumpigia kila bibi shikamoo ambayo huku hakuna anayeijua. Wakubwa wake ng'ambo walitaka kuona kwa macho yao vipofu wanaosoma.

Leo mikono ilikuwa michache, akamwita Vahwere ndani kwa mara ya kwanza, akamwagiza atundike ubao.

Vahwere alitundika ubao.

Si ule. Kabatini kulikuwa na wa pili, wa akiba, maumbo yaleyale lakini mpangilio mwingine kabisa. Wakikosea mbele ya kamera, hawatachomwa jicho la pili.

Mama Angèle aliitwa wa kwanza. Alifunikwa jicho la kushoto, likabaki lile la giza lililochomwa, akainua vidole vitatu kwa madaha, uso umeng'aa kama mtoto anayejua jibu. Juu, kulia, chini, chini, kushoto. Vyote si kweli. Alisoma ubao ambao haukuwepo.

Verlinck alitazama ubao. Alimtazama Vahwere. Kisha aligeuza kamera kidogo, taratibu, mpaka ubao ukatoka kwenye picha.

"Parfait," alisema, kana kwamba bibi amepatia yote.

Kumbe daktari alikuwa akijua! Siku zote alijua kwamba wazee hawaoni, na uongo wao aliupenda kuliko wao wenyewe. Na sasa alijua kwamba muuguzi wake si muuguzi.

Mzungu hakupandisha sauti. Kwa Kifaransa alimwamuru Nathanaël achukue sanduku la baridi, alipeleke kwenye ndege mara moja, na awaambie marubani wawashe. Nathanaël alilibeba sanduku jeupe begani, akatoka. Mlango wa Land Cruiser uligongwa. Mota ikanguruma.

Hilo ndilo sanduku. Hiyo ndiyo amri ya Chef.

Mama Angèle alikuwa amelazwa kitandani tayari. Kichuma kidogo kilishikilia kope zake wazi, jicho la kushoto linametameta, halina pa kujificha. Verlinck alivuta dawa ndani ya bomba, akaiinua sindano mwangani.

"Unanidhania mimi mchawi, dada," alisema kwa Kiswahili chake cha vitabuni, juu ya kichwa cha bibi, kama vile pale kitandani pamelazwa gunia. "Awamu ya kwanza ya majaribio haitafuti kumponya mtu. Inatafuta kujua jicho linabeba dozi gani kabla halijafa. Kupona kutakuja baadaye, kwa wazee wa kwetu. Kimbilia sanduku lako. Bado unaweza kulifikia."

Ni kweli, angeweza. Pikipiki ilikuwa nyuma ya nyumba. Akikimbia, analipata sanduku na kumwacha bibi. Akibaki, sanduku linaruka.

Akashika Motorola.

"Sombe, hapa Lenga-lenga. Sanduku linakuja kwako. Iko na Nathanaël. Mi siko nyuma yake."

Redio ilikoroma tu.

Mpelelezi hataji jina la mwenzake hewani. Vahwere alilitaja.

"Rodrigue. Iko weye tu."

Akaitupa redio, akaruka.

Trei ya vyuma ilimpata Verlinck kwenye taya. Mkono wenye sindano ulishuka, Vahwere akaudaka kiwikoni, akaupinda mpaka mfupa ukalia. Bomba lilianguka, likavunjika sakafuni. Mzungu alikuwa na nguvu. Alimpiga Vahwere ukutani, akaingiza mkono kwenye droo, na droo ile haikuwa na bandeji. Lakini kabla hajatoa alichokitafuta, mdomo wa Makarov ulikuwa umetulia chini ya kidevu chake.

"Weka mikono juu ya kitanda, dokta."

Aliweka. Hata hivyo alitabasamu, damu mdomoni.

"Una nini mkononi? Sanduku limekwenda. Utasema nini, na nani ataamini muuguzi mwenye bastola?"

Mlango ulifunguka. Wazee walikuwa wamesimama pale, wengine wamegeuza mashavu, wanachungulia. Vahwere aliona shaka usoni mwao wote, akajua wanamwona yeye ndiye jambazi, yeye anayewanyang'anya unga.

Mama Angèle alikitoa mwenyewe kile kichuma jichoni, akaketi kitandani, machozi yanamtiririka shavuni.

"Nilisikia," aliwaambia wenziwe. "Macho yangu njo mubaya, masikio hapana. Amesema siye ni watu ya kujaribia sumu. Wenye kupona watakuwa ba muzee ya kwabo."

Waliingia tu, mmoja mmoja, na fimbo zao, wakamzunguka Verlinck wakaketi, wengine sakafuni, wengine miguuni pake. Tabasamu likampotea mzungu. Na ile kamera aliyoigeuza isionyeshe ubao, haki ya Mungu, alikuwa amesahau kuizima. Taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka. Maneno yake yote yalikuwa mle ndani, kwa sauti yake nzuri.

Redio ikakoroma sakafuni.

"Lenga-lenga, hapa Sombe."

Vahwere aliiokota.

"Ndege hairuki," Rodrigue alisema. "Lori ya mafuta imekufa katikati ya piste ya ndege. Bahati mubaya sana. Dereva njo mimi. Nathanaël iko chini, mikono kichwani, askari wa helmeti wanamusalimia. Sanduku iko katikati ya miguu yangu."

Vahwere aliegemea ukuta.

"Aksanti, Sombe. Zile buti bado siamini."

"Ni ya karata. Terminé."

Jioni ilipokaribia, Verlinck alikwisha kuchukuliwa amefungwa pingu, na askari walikuwa wanazungusha utepe kwenye lango. Thuraya ililia. Chef alikuwa na furaha kama mtu aliyeipanga kazi nzima mwenyewe. Alisema sanduku limeokolewa, mkanda wa kamera ni dhahabu, hongera. Sasa kila kitu ndani ya ua ule ni ushahidi. Kisiguswe hata kijiko mpaka wachunguzi wafike kutoka Kinshasa. Vahwere aliuliza watafika lini. Chef akasema hali ya usalama ikiruhusu.

Mama Angèle alikuwa ameketi kwenye ngazi ya depo, stoo ya chakula ya kliniki. Aliposikia hatua, aligeuza shavu.

"Jicho umeniachia, mutoto yangu. Aksanti. Nakuona kidogo hapa pembeni, kumbe uko mufupi." Akakuna mkono wake. "Sasa leo magaribi, batoto watakula nini? Watakula jicho?"

Bibi alikuwa amemwambia tangu asubuhi, kule kwenye mashine ya kusaga, na yeye alisikia habari ya macho tu. Nyuma ya bibi kulikuwa na mlango wa mbao wenye kufuli kubwa, na nyuma ya kufuli magunia ya unga yamepangwa mpaka darini, na madumu ya mafuta. Ushahidi.

"Lenga-lenga?" Chef alikuwa bado hewani. "Kwenye ripoti weka pia vilivyomo ndani ya depo. Kuna nini mle?"

Vahwere alimsogeza Mama Angèle pembeni kwa upole. Akashika Makarov kwa mtutu, akapiga kufuli kwa kitako. Mara ya kwanza ilikataa. Ya pili ikaachia.

"Hakuna kitu, Chef. Depo iko tupu."

"Tupu? Uliniandikia magunia."

"Panya, Chef. Bunia iko na panya mingi."

Akazima Thuraya. Alivua koti jeupe la uuguzi, akalitundika kwenye lango, akashika barabara kwa miguu bila haraka. Huko nyuma wazee walikuwa wanabebeshana magunia, wanagombana nani achukue mafuta. Mama Angèle alikuwa amesimama kando yao, shavu limeelekea barabarani, akimfuata kwa jicho lake moja mpaka alipokata kona.