Nyumba Isiyoulizwa Iko Wapi

Kwenye geti dogo la mpaka wa Goma na Gisenyi, Byamungu hakuzoea kupisha mtu. Baiskeli yake ya magurudumu matatu, aliyoiendesha kwa mikono kwa kuwa miguu ilipooza utotoni, ilisheheni magunia ya unga, na kengele yake kila mtu aliijua. Asubuhi hiyo gurudumu likanasa kitenge cha njano cha dada mmoja, likakichana.

"Papa, unanivua nguo mbele ya watu?"

"Ningekuwa na nia hiyo ningeanza na salamu."

Dada huyo, Nsimire, akacheka, na Byamungu hapo hapo akawa amekwisha.

Mapenzi yakanoga. Nsimire alifanya kazi na shirika linalowaficha wanawake waliobakwa na kupigwa vitani. Jioni alizima simu.

"Sheri, mpenzi wangu, unakwenda wapi?" Byamungu aliuliza.

"Kazini."

"Kazi haina mtaa?"

"Hata mama yangu haujui. Usiniulize tena."

Lakini wivu ukamla Byamungu. Jioni moja akaifunga kengele kitambaa, akamfuata kwa mbali juu ya mawe meusi ya volkano, hadi kwenye geti la bati. Mwanamume akamfungulia Nsimire. Byamungu aliumia moyo, asijue yule ni mlinzi tu. Wala hakujua kwamba naye anafuatwa. Mpakani wote walijua anapendana na nani, na askari mmoja wa msituni aliyemsaka mkewe aliyemtoroka alikuwa ameshauliza.

Askari akampita, akapiga geti teke. Mlinzi alipigwa panga la uso, akaanguka. Nsimire akapuliza filimbi, wanawake wakakimbilia mlango wa nyuma. Nabintu peke yake alibaki ameinamia beseni la nguo, ni kiziwi. Askari, ndiye mumewe, akamshika nywele, akamkata bega.

Byamungu akazungusha mikono kwa nguvu zote. Baiskeli na magunia yake ikamvunja yule mtu magoti. Panga likashuka, likaondoka na vidole viwili vya Byamungu, naye akamkaba koo kwa mkono uliobaki mzima, mpaka majirani wakamng'oa juu ya mtu aliyezimia.

Hospitalini Nsimire hakuketi.

"Umemwokoa Nabintu. Na wewe ndiye uliyemleta muuaji, alikufuata wewe."

Byamungu alilia kama mtoto. Nyumba ikahamishwa, simu zake hazikupokewa.

Mvua zilipokwisha, kitenge cha njano kikatokea mpakani, kimeshonwa palipochanika.

"Mkono umepona?"

"Umepona. Moyo bado."

"Nabintu anakusalimu. Siku hizi tuna kamba kutoka getini hadi mkononi mwake. Filimbi ikilia, tunaivuta kamba."

"Na wewe?"

"Mimi nina hasira. Na nakupenda, mjinga wewe. Utaoa mwanamke usiyejua jioni yuko wapi?"

"Nitaoa. Sitauliza."

Jioni ilipofika, Nsimire akambusu paji la uso na kuondoka. Byamungu akageuza baiskeli ikaelekea ukutani, akafumba macho, akaipiga kengele kwa nguvu, asije akasikia viatu vya Nsimire vinaelekea upande gani.