Mbio za Kukimbiliwa

Jamani wana mtaa, sogeeni. Haya yametokea hapa hapa Malang, Indonesia, na atakayejiona humu asinune.

Asubuhi ile kwa Mama Lastri palikuwa shwari, tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, ikikaangika kikaangoni. Mwanawe Wiryawan, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa kwenye kipande cha tano mhudumu wa afya alipopiga hodi kuwapima vijana presha.

"Mia hamsini na mbili kwa mia," alisema, uso umemkunjamana. "Na moyo unakwenda mbio nawe umekaa tu! Baba yako je?"

Mama ndiye aliyejibu. "Alianguka ana miaka arobaini na miwili. Hakuinuka."

Wiryawan akaagizwa akimbie taratibu nusu saa, mara nne kwa wiki, saa ya mkononi ikirekodi. Aliogopa kweli, siku mbili nzima. Ya tatu mvua ikanyesha, akamvisha saa binamu yake Gilang, mpenda mbio, awe anakimbia badala yake kwa malipo ya bakuli la supu. Msimcheke peke yake. Mjini kwetu wapo wanaoishi kwa kuwakimbilia wenzao, mradi rekodi ipendeze kwenye simu.

Mama akaziona rekodi, akatamba soko zima. Basi sikukuu ya uhuru ilipofika, kwenye mbio za kuzunguka uwanja, mwenyekiti wa mtaa akashika kipaza sauti.

"Bingwa wetu! Kilomita kumi kwa dakika arobaini na tisa! Toka huko nyuma ya akina mama!"

"Mwenyekiti, leo mguu..."

"Mguu gani, wa kuku?"

Watu wakaangua kicheko. Aibu ikamsukuma, akatimua mbio. Hata mzunguko mmoja hakumaliza: kifua kilimbana, akaketi chini, midomo imempauka. Mama Lastri alifika wa kwanza, kikombe cha maji kikimwagika mkononi.

"Pumua, baba. Pumua, usiniache."

"Mama, si mimi niliyekuwa nakimbia. Ni Gilang."

Mama alimtandika kofi la bega, kisha akamkumbatia huku analia. "Moyo wa Gilang ni mzima, alhamdulillahi! Mimi nilikuwa nauombea wako!"

Zahanati wakasema moyo haujadhurika, ila presha iko pale pale. Kesho yake alfajiri Mama akafunga viatu vya raba, akamtoa kitandani. Walianza kwa kutembea, Mama akimtania, "Twende, bingwa wa supu!" Wiki ya nne wakakimbia. Baada ya miezi mitatu mhudumu akapima mara mbili, hakuamini: mia ishirini na sita kwa themanini. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

MAFUNZO

Mficha maradhi kifo humuumbua. Vijana, msidhani moyo mbovu ni wa wazee. Tokeni jasho mapema, tena kila wiki. Mwenzako aweza kukubebea mzigo, hata kukulipia supu. Kukukimbilia hawezi, kwani jasho lake linamponya yeye.