Kifungo Kikioza

Enyi walimwengu, tegeni masikio! Mwaka 1954, kijijini Issuna, sayansi ya dunia nzima ilisimama kwa heshima mbele ya chungu ya samadi ya Mzee Damiani.

Ilisimama imeziba pua.

“Shikamoo, baba,” alisema Alute, mhudumu wa zahanati.

“Marahaba. Maziwa ni ya kunywa, wewe unayashonea nguo?”

Selina, binti wa mzee, aliinamisha uso. Gauni lake lilikuwa na vifungo sita vyeupe alivyotengeneza Alute. Barua iliyokuja navyo aliijua kwa moyo:

“Selina wangu, maziwa nimeyagandisha kwa siki, nikayakamua, nikayakandamiza, nikayaloweka kwenye dawa hadi yakawa magumu kama pembe. Amebaki baba yako tu.”

Na baba alikuwa mgumu kweli. Ndama wake alikufa kwa kumeza kitana cha plastiki, na alipopasuliwa, kitana kilitoka kizima. Ndipo mzee akataka kuona kama vifungo vya Alute vitaoza, na cha saba kikafukiwa kwenye samadi mvua za kwanza zilipoanza.

“Nilisema nini?” aliuliza mzee, akishika jembe.

“Kikioza, utatuoza,” alijibu Alute.

“Na kisipooza?”

“Hutuozi.”

Mzee akachimba. Pembeni alisimama Yunisi, mdogo wake Selina, binti mwenye busara kupita umri wake.

“Sikioni,” mzee alisema mwishowe.

“Kimeoza, baba!” Yunisi alidakia. “Waoze!”

“Wewe, mbona hutikisiki? Inua mguu.”

Yunisi akainua wa kushoto.

“Ule mwingine!”

Kifungo kilichokuwa kikiteleza chini ya unyayo wake kilikuwa pale, mviringo wake haujaguswa.

“Baba, nitasubiri mvua nyingine,” alisema Selina.

“Hata kumi,” alisema Alute, akimshika mkono mbele ya mzee bila kuogopa.

Mzee aliwatazama. Akaokota kifungo, akakibinya. Kikamegeka kama ugali uliolala, na ndani akatoka funza mnene, ameshiba.

Mzee akazirudisha zile chenga kwenye samadi, polepole, kama anayepanda mbegu.

“Ardhi imekubali. Lete wazee wako Jumamosi, mwanangu.”

Selina alicheka huku analia.

Mtauliza nimejuaje kwamba kile kifungo kilikuwa kinateleza chini ya unyayo. Haya, mguu ule ni wangu. Yunisi ni mimi. Nilikiona kabla ya baba, nikaogopa dada atalia, nikakikanyaga.

Ile busara niliiongeza wakati wa kuandika.